Aliyekuwa Juu ya Kifua cha Brightson

Mahabusu, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Dada Genoveva,

Shikamoo.

Najua ukiona jina langu hapo chini utataka kuichana hii karatasi. Usiichane kwanza, dada. Mie ni Mfaume, dereva bodaboda wa kijiwe cha Bunju, mbele ya kibanda chako cha chapati. Yule uliyekuwa ukinifokea kila nikipaki pikipiki karibu na jiko lako. Na ndiye huyo huyo ambaye wewe na mtaa mzima mmesema amemuua mdogo wako Brightson.

Sikumuua. Nimelisema polisi, nimelisema mahakamani, nawaambia wenzangu humu ndani, na kila nikilisema watu wanacheka. Sasa nakwambia wewe, maana wewe ndiye shahidi mkubwa. Maneno yako ndiyo yaliyoniingiza humu, na kesi ya mauaji haina dhamana. Yakibaki hivyo hivyo, mie ni mtu wa kunyongwa.

Siku ile nilikuwa nimetoka kumpeleka abiria Wazo. Narudi, nakuta umati. Brightson yuko chini, na ile pikipiki mbovu aliyokuwa anaikokota imelala pembeni. Watu wanasema mwizi wa pikipiki huyo, kaipora. Wallahi nilikuwa najua pikipiki ni ya Twalib, mwenzetu wa kijiweni, kamwomba Brightson amfikishie kwa fundi. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nani anasikiliza? Walipochoka kupiga ndiyo nikapata upenyo. Nikamkuta mdomo umejaa damu na kifua hakipandi. Nikamlaza ubavu, nikatoa damu na vipande vya meno kwa kidole, kisha nikamgeuza chali nikaanza kumsukuma kifua. Moyo ukisimama, dada, mtu anaweza kuusukuma kwa mikono kutoka nje ukapeleka damu kichwani. Tulifundishwa. Basi nikawa nasukuma, watu wakanivuta wakanitoa. Polisi walipofika, mwenye damu mpaka viwikoni alikuwa mie peke yangu. Wengine wote walishanawa.

Nyuma ya kiwanda cha sementi kule Wazo kuna zahanati, yupo nesi anaitwa Hamida. Yeye ndiye aliyetufundisha sie madereva. Mama alimfuata, akasema yuko radhi kuapa kwamba alinifundisha, ila siku ile hakuwepo, hawezi kujua nilifanya nini. Wewe ulikuwepo. Anafundisha tena mwezi wa pili. Nakuomba uende ukaangalie tu, kisha useme ulichokiona.

Barua anaileta mama yangu, Bi Mwanabaraka. Nakuomba usimtukane, yeye hana kosa.

Mfaume


Bunju
19 Januari 2025

Mfaume,

Shikamoo yako siitaki, nakurudishia. Wasalimie nayo hao wauaji wenzako.

Mama yako nimempa kiti na chai kwa sababu ni mtu mzima. Nisingemjua ningemmwagia maji ya moto. Una ujasiri gani wewe wa kunifundisha mimi namna ya kumlilia mdogo wangu? Brightson nilimlea mgongoni kule Masasi, mama yetu alipofariki hajaanza hata kutambaa. Nimemleta mjini mwenyewe. Nimemrudisha kwenye sanduku, nikapita naye njia ileile, na jeneza hatukulifungua watu wamuage, maana uso ulikuwa haupo.

Sasa kwa kuwa umesahau, nikukumbushe.

Nilikuwa nasukuma chapati. Nikasikia "mwizi! mwizi!" ng'ambo ya barabara. Hata sikuinuka. Nikasema wacha wamfunze adabu, wezi wametuchosha. Nikaendelea kusukuma. Nasikia nondo zinavyotua, nasikia mtu analia, sijui ni nani, mimi nageuza chapati. Mpaka mteja mmoja akasema, yule kijana kavaa kandambili moja ya bluu na moja ya kijani. Hapo ndipo niliporuka lile jiko. Kandambili hizo nilimwunganishia mimi mwenyewe, baada ya mbwa kula moja moja ya kila jozi.

Nikapasua watu. Na nikakuona. Umepiga magoti ubavuni kwake, umeinama juu yake, mikono umeifunga pamoja, unamkandamiza kifua kwa uzito wako wote. Jasho linakutiririka. Na mdomo wako unahesabu! Mtu anaua huku anahesabu, Mfaume! Nikasikia ubavu wa mdogo wangu unakatika kama kuni kavu, na wewe hukusimama, ukaendelea.

Ndiyo, nikakukamata kola nikakuvuta, nikakutandika usoni na ule mti wa kusukumia chapati mpaka jino likaruka. Ningekuwa na nguvu zaidi ningekumaliza palepale. Hilo najivunia, na nitajivunia mpaka naingia kaburini. Ndicho kitu pekee nilichomfanyia Brightson siku ile: nilikutoa juu yake.

Hayo ndiyo nitakayosema mbele ya jaji, neno kwa neno. Ukanyongwe.

Genoveva


Mahabusu
2 Februari 2025

Dada Genoveva,

Shikamoo, hata kama utairudisha tena. Mie nimefunzwa hivyo na siwezi kuanza barua kwa mkubwa wangu kama naita mbuzi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Yote uliyoyaona ni kweli. Niliinama juu yake, nilihesabu, ubavu ulikatika na sikusimama. Mafunzo yenyewe ndivyo yalivyo. Nesi Hamida alituambia unahesabu mpaka thelathini, unampulizia pumzi mbili, unaanza upya. Akasema mbavu zinaweza kukatika, na atakayeacha kwa sababu ya ubavu kamwacha mtu afe ili asimvunje mfupa. Nilikuwa na hofu hiyohiyo, ndiyo maana nilihesabu kwa sauti.

Unajiuliza mbona kijiwe kizima hakuna aliyenitetea, na wote tuliitwa mafunzoni. Dada, watu walienda kwa ajili ya vile vizibao vinavyong'aa. Siku ya kwanza wakapewa vizibao, wakapiga picha, siku ya pili hawakurudi. Hata Adelard, mwenyekiti wetu wa kijiwe, alivaa chake akaondoka na abiria. Mie nilirudi kwa sababu nilisikia kuna pilau. Sikutaka kuwa daktari, nilitaka pilau. Kwa hiyo yule mdoli wa mazoezi niliyemsukuma kifua, wenzangu hawajawahi hata kumwona.

Kuna jambo sikulisema, na naona unalihitaji. Brightson alipokuwa chini alianza kukoroma. Koromo nzito, moja, kimya kirefu, kisha nyingine. Watu wakasema, "Sikia, bado ana jeuri, anajifanya kalala." Mmoja akarudi na nondo akampiga tena mara mbili za kichwa. Lile koromo si usingizi wala si jeuri. Nesi alituonyesha: ni mwili unaomba hewa baada ya moyo kuishiwa. Mtaa mzima ulisikia mtu anakufa ukadhani anadharau. Huyo aliyerudi na nondo simtaji humu. Mama yangu analala peke yake, na mlango wa nyumba yetu ni wa bati.

Humu wamenipa jina, Mzee wa Kifua. Wiki iliyopita wanne walinilaza chali, mmoja akanikalia kifuani anarukaruka, wenzake wakihesabu kwa sauti mpaka thelathini, kisha wananiuliza, "Umefufuka?" Nikitapika damu wanaanza upya. Nyapara anacheka. Sikwambii ili unionee huruma, najua huna. Nakwambia ili ujue kwamba nami sasa nayajua yale mapigo kutokea chini.

Nenda kwa Nesi Hamida, dada. Ukishaona, ukasema bado mie ni muuaji, sitakuandikia tena.

Mfaume


Bunju
3 Machi 2025

Mfaume,

Nimeenda. Usifurahi. Nilienda ili nikisimama mahakamani niseme: waheshimiwa, hicho kitu mimi nimefundishwa, na sicho alichokuwa anafanya huyu.

Tulikuwa walimu wa chekechea, wabeba mizigo wa kiwandani, mlinzi mmoja anasinzia, na mimi na kanga zangu. Huyo Nesi Hamida wako ni kijitu kidogo lakini sauti yake ingeita watu kutoka Bagamoyo. Katutandikia mkeka, kamlaza mdoli. Hana miguu wala mikono, ni kichwa na kifua tu, mdomo wazi. Nikasema, hiki ndicho kitamtoa mtu kwenye kitanzi?

Zamu yangu ikafika. "Piga magoti. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua. Mkono wa pili juu yake. Viwiko usikunje. Mama, shusha uzito wa mgongo, hapa husukumi chapati!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikainama, nikashusha uzito. Mdoli akitoa mlio ujue umefika ndani vya kutosha. Hakutoa. "Zaidi!" Hakutoa. "Zaidi, mama, unambembeleza maiti!" Nikashusha kwa nguvu zote na mdoli akalia. Na mdomo wangu, bila mimi kuuambia, ukaanza kuhesabu.

Mbele yangu palikuwa na kabati la dawa lenye kioo. Nikainua macho nikamwona mtu kapiga magoti ubavuni kwa mwenzake, mikono kaifunga, anamkandamiza, jasho linamtiririka, mdomo unahesabu. Nilishamwona mtu huyo. Nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya zahanati.

Nilimuuliza nesi habari ya mbavu. Kasema kama ulivyosema. Nikamuuliza na koromo, akatukoromea pale mbele mpaka yule mlinzi akaamka. Nilimuuliza na jambo la tatu, hilo ni langu.

Sijasema nakuamini. Nasema sijui tena ninachokijua, na nina hasira kuliko mwanzo. Zamani nilikuwa na mtu wa kumchukia, nikilala namchukia, nikiamka namchukia, siku inaenda. Sasa namchukia nani?

Nilianza kuuliza wateja nani alirudi na nondo. Wote ghafla hawakuwepo siku ile. Mtaa mzima ulikuwa msibani kumbe! Siku ya nne akaja Jonas, yule fundi wa kuchomelea mageti ng'ambo ya barabara. Akasimama kibandani. "Nasikia unasomea udaktari, mama chapati." Nikamwambia anunue ama atoke. Akalipiga jiko teke. Karai likapinduka, mafuta ya moto yakanimwagikia mguu, ngozi ikatoka na kiatu. Wateja wakawa wanatazama chai zao. Akaniinamia akasema, "Muuaji yuko ndani, kila mtu karidhika. Ukiongeza neno utamfuata mdogo wako, na uso wako hautafunguliwa."

Habari ya uso nani alimwambia? Mazishi yalikuwa Masasi, Jonas hakuja. Anajua hali ya uso ule kwa sababu kauvunja yeye. Wewe hukumtaja, mimi sikumtaja, kajitaja mwenyewe.

Mguu unauma. Nauza hivyohivyo nikiwa nimekaa. Kisu cha vitunguu nakilalia chini ya mto, na akirudi nitamchoma, nije nikae huko na nyie.

Genoveva


Mahabusu
16 Machi 2025

Dada Genoveva,

Shikamoo, na pole sana kwa mguu. Mama kanieleza ulivyovimba. Usipake dawa ya meno, nesi alituonya. Maji safi ya bomba tu, na kitambaa kisafi.

Nakuomba uache. Usimuulize mtu, usimtamke Jonas, na hicho kisu kirudishe kwenye vitunguu. Nilitaka uende ukaone ili ujue Brightson hakufa watu wote wakiwa wamemgeuka. Umeshaona, inatosha. Ukimchoma Jonas nitabaki bila shahidi, na wewe utabaki bila kibanda. Akikuua, ndiyo mama yangu atakosa hata wa kumpa kiti.

Mie nimeshazoea. Tuko kwenye mfungo, hata wale wanaonikalia kifua wamepumzika mpaka jua lizame. Lile jino lililonitoka siku ile kwenye vurugu za watu limeniachia pengo zuri, napigia mluzi. Kila nikienda mahakamani naambiwa upelelezi haujakamilika. Basi ukikamilika utakamilika.

Wala usihesabuhesabu mambo ya siku ile ukiwa peke yako. Watu walikuwa wengi, walinivuta wengi. Hakuna wa kumshika.

Mfaume


Bunju
27 Aprili 2025

Mfaume,

Soma hii ukiwa umekaa, na kama kuna askari anaisoma kwanza, naye akae.

Jumanne, baada ya mvua ya asubuhi, Jonas alikuwa anachomelea geti nje kwake. Barabara yote maji, yeye kavaa kandambili, na ule waya wake wa mashine umechubuka siku nyingi, kila mtu anajua. Mama yako alikuwa kwangu kachukua kiti chake, anasubiri nimalize barua nyingine ya kukutukana. Tukasikia mlio, puu, na watu wanapiga yowe. Jonas yuko chini kwenye maji, kaushika waya, anatetemeka, kisha akatulia.

Nikwambie la kwanza lililonijia? Nilisema asante Mungu. Nilisema kwa sauti, mama yako kanisikia.

Watu wakamkimbilia, nami najua kwamba anayemgusa anakufa naye. Sijui nani alinifungua mdomo. "Msimguse! Zimeni umeme!" Mke wa mwenye duka, Jonas anakovuta umeme, akaingia ndani akazima swichi kubwa. Adelard, mwenyekiti wako, kavaa kizibao chake kinachong'aa, akachukua koleo kwenye lile rundo la mchanga wa ujenzi, wakaanza kumfukia. Si unawajua? Eti mchanga unanyonya umeme. Wamemfunika miguu, wamemfunika tumbo, wanaelekea kifuani, na yeye anakoroma. Koromo moja. Kimya. Nyingine. Mmoja anasema, "Afadhali, kalala."

Mfaume, nilisimama pale na ule mguu wangu mbovu. Ningekaa kimya tu. Nisingemgusa, nisingemchoma, hakuna polisi angeniuliza. Wangemmaliza wenyewe kwa mchanga wao huku wakimwombea. Nilitamani mpaka meno yakaniuma. Lakini nikakuona wewe na hao wanaokukalia, na nikajua Jonas akizikwa, aliyerudi na nondo anazikwa naye, wewe utabaki kuwa ndiye.

Nikamvamia Adelard. Akanisukuma, nikamtandika kofi akadondoka na koleo lake. Nikauparua ule mchanga kwa kucha, nikapiga magoti, nikafunga mikono, nikashusha uzito wote nilio nao. Sikumsukuma kwa huruma, usije ukanisifu. Nilimsukuma kwa chuki. Moja, kwa Brightson. Mbili, kwa Brightson. Kila nikishusha natamani mkono utokee mgongoni. Ubavu wake ulipokatika niliusikia, nikafurahi, na sikusimama. Nikapuliza pumzi yangu kwenye ule mdomo ulionitukana, nikarudi kusukuma.

Ndipo wakaanza. "Anamuua! Analipa kisasi! Mtoeni!" Jiwe la kwanza likanipata begani, la pili sikioni, damu ikashuka shingoni. Mikono ikanishika kanga, mwingine nywele. Nahesabu kumi na saba, kumi na nane, na wananivuta kama nilivyokuvuta. Nikasema basi, yameisha.

Mama yako, Mfaume. Yule bibi anayeshuka ngazi kwa kushikwa mkono! Aliinua karai langu kutoka jikoni, mafuta yanachemka, kalishika kwa kanga yake ya kichwani, akaja nalo katikati ya watu bila kumwaga tone. Kichwa wazi mbele ya wanaume. Akasema, "Mwanangu mlimtoa. Anayetaka kumtoa na huyu asogee, nimwogeshe." Wakaniachia. Mmoja aliyekuwa hajaachia alirushiwa kidogo begani, nimesikia anaendelea vizuri. Kisha kakaa hapo anatuzunguka na karai, mikono inaungua, hakuliweka chini.

Nikasukuma mpaka viwiko vikafa ganzi. Nikampigia Adelard kelele aje anipokee, akasema hajui. "Uliondoka na kizibao, eeh? Njoo hapa!" Akaja analia, nikamwekea mikono yake mahali pake, akasukuma huku nahesabu mimi. Tukabadilishana. Na Jonas akatapika. Akavuta hewa kama mtu anayetolewa kisimani, akafumbua macho. Nikamgeuza ubavu.

Tulikaa pale kwenye matope. Kisha Adelard akaitazama mikono yake, akaniangalia, akasema, "Kumbe." Basi, hilo tu. Kisha mwingine kule nyuma, "Kumbe ndicho alichokuwa anafanya Mfaume." Na mwanamke mmoja akaangua kilio, naye alikuwa kwenye watu wa siku ile.

Jonas yuko hospitali, anaongea. Nilimwendea Alhamisi. Akaanza kunishukuru, nikamwambia funga mdomo. Nikamwambia sikukurudisha ili ule chapati, nimekurudisha usimame kizimbani ukiwa mzima, na nondo yako. Aligeukia ukutani akalia. Polisi wameweka mtu mlangoni kwake, maana jana tulienda kituoni, mimi, Adelard na wengine saba, wote waliokuwa msibani siku ile. Tumeandikisha maelezo mapya. Nesi Hamida naye alikuja, akamlaza mpelelezi sakafuni mbele ya meza yake mwenyewe kumwonyesha. Mpelelezi kasema jalada linakwenda kwa waendesha mashtaka wiki hii. Sitaki kukupa tumaini la bure, lakini alisema hivyo mbele yetu.

Sasa lile jambo la tatu nililomuuliza nesi. Nilimuuliza, mtu anayesukuma akitolewa, inakuwaje? Akasema moyo unarudi kusimama. Nikamuuliza, kama asingetolewa? Akanishika mkono, akasema kichwa kilichovunjwa vile, huenda hata hospitali nzima isingemwokoa, na huenda ingemwokoa, hakuna anayejua. Hilo la kutojua nalala nalo kila siku, na wewe ulitaka nisilione kabisa. Barua zako zote unasema watu walinivuta. Walinivuta wengi. Hakuna wa kumshika. Nilikwandikia mwenyewe kwamba ni mimi na najivunia, jino nikakung'oa mimi, na bado wewe, uliyelazwa chini unakaliwa kifuani, umeendelea kuniandikia watu, watu, watu.

Mpelelezi aliniuliza ni nani aliyemtoa Mfaume juu ya kifua cha marehemu. Wenzangu wakaangalia chini. Nikamwambia andika Genoveva, dada wa marehemu. Akaniuliza nina hakika, nikamwambia andika.

Mama yako mikono imefungwa bandeji, namlisha mimi, na ananisema kwamba chapati zangu zina chumvi. Ukitoka utakuja kula hapa, utatafunia upande wenye meno.

Na zile shikamoo zako zote, nazichukua. Marahaba, mdogo wangu. Marahaba.

Dada yako,
Genoveva